Kufunga na Kufungua katika Istilahi za Vidhibiti vya Umeme

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za teknolojia katika Kiswahili umeelemea mno upande wa nomino. Tumebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, ilhali vitenzi vimepewa nafasi ndogo. Hata hivyo, mtu anayesimama mbele ya mtambo huhitaji kujua atende nini kabla ya kujua kifaa kinaitwaje. Makala haya yanachunguza vitenzi viwili, funga na fungua, katika maelekezo ya vidhibiti vya umeme vya nyumbani na viwandani. Hoja yetu ni kwamba vitenzi hivi, visipowekewa mipaka, vinaweza kumfanya mtumiaji atende kinyume cha alichoagizwa.

2.0 Matumizi ya Kawaida

Kimofolojia, fungua ni kitenzi cha kutendua kinachotokana na funga kwa kiambishi -u-, kama ilivyo kwa kunja na kunjua au ziba na zibua. Kwa hiyo maana yake hutegemea maana ya funga iliyokusudiwa. Tuzingatie mifano ifuatayo:

(1) a. Funga bomba.
b. Funga redio.
c. Fundi amefunga jenereta.
d. Kiwanda kimefungwa.

Katika (1a) njia ya maji imezibwa. Katika (1b) chombo kimezimwa. Katika (1c) mtambo umesimikwa mahali pake. Na katika (1d) shughuli zimesitishwa. Tukitendua, anayefungua bomba huruhusu maji yatoke, na anayefungua redio huifanya isikike. Lakini fundi aliyefungua jenereta hakuiwasha. Ameitenganisha vipande vyake. Wazungumzaji hawatatizwi na wingi huu wa maana kwa sababu muktadha huwaongoza.

3.0 Lugha ya Saketi

Katika taaluma ya umeme mambo hugeuka. Mkondo hupita pale tu saketi inapokamilika. Swichi iliyofungwa ni ile ambayo ncha zake zimegusana, na umeme unapita. Iliyofunguliwa ni ile iliyoukata. Kumbe vali iliyofungwa huzuia maji, ilhali swichi iliyofungwa hupitisha umeme. Chanzo cha mgongano huu ni kile kinachofungwa: kwenye bomba hufungwa njia, kwenye saketi hufungwa pengo.

Vidhibiti vya viwandani vinavyopokea programu vimejengwa juu ya dhana hiyo. Modicon 084, iliyotokana na kazi iliyoanzwa na Dick Morley na wenzake nchini Marekani mwaka 1968, ilikusudiwa kuchukua nafasi ya makabati ya rilei. Mchoro wa ngazi, unaofuata mantiki ya rilei, ni miongoni mwa lugha zilizomo katika kiwango cha kimataifa IEC 61131-3, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1993. Kidhibiti kimoja cha aina hii huweza kutawala vali na swichi kwa pamoja. Hebu tufikirie agizo hili:

(2) Kabla ya kugusa pampu, fungua swichi kuu.

Mhandisi aliyeliandika anamaanisha umeme ukatwe. Msomaji aliyezoea kufungua redio anaweza kuelewa kwamba umeme uwashwe. Sentensi haina kosa la kisarufi, lakini mkono wa mtu umo hatarini.

4.0 Mapendekezo

Kiswahili hakihitaji kukopa ili kuondoa utata huu. Tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

(3) a. Kwa mkondo wa umeme: unga na kata.
b. Kwa chombo kizima: washa na zima.
c. Kwa vali, milango na mapazia: fungua na funga.
d. Kwa usimikaji wa mitambo: simika na ng'oa.

Kata umeme limekwisha kuzoeleka, na washa limevuka zamani maana yake ya moto: tunawasha gari bila kutazamia miali. Hivyo agizo (2) lingekuwa: Kabla ya kugusa pampu, kata umeme kwenye swichi kuu.

Umakini wa namna hii si mgeni kwa wabunifu wenyewe. Katika X10, mfumo wa kudhibiti vifaa vya nyumbani kupitia nyaya za umeme uliobuniwa Glenrothes, Uskoti, mwaka 1975, amri ya kuzima kwa pamoja ilihusu taa na vyombo vingine, ilhali ile ya kuwasha kwa pamoja ilihusu taa tu. Kuwasha kila kitu kwa mpigo mmoja kuna hatari ambazo kuzima hakuna. Ikiwa mashine imewekewa tofauti hiyo, lugha inayoiamuru haina budi kuwa na tofauti zake.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba utata wa funga na fungua hautokani na upungufu wa Kiswahili, bali na kukutanishwa kwa nyanja mbili zinazotazama tendo moja kutoka pande tofauti. Waundaji istilahi wanapoorodhesha majina ya vifaa, inafaa kila jina liandamane na vitenzi vyake.