Chungu Kimoja kwa Mzee na Kijana

Nyumba nyingi zenye mzee mwenye shinikizo la damu hupika vyungu viwili: kidogo cha mzee, kisichotiwa chumvi, na kikubwa cha watu wote. Mimi siipendi desturi hii. Mzee hula peke yake kama mgeni, nasi vijana twazidi kuzoea chumvi nyingi.

Shirika la Afya Duniani lashauri ya kuwa mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na samaki wa ng'onda.

Kwetu twapika chungu kimoja, na bibi ndiye mwalimu. Ng'onda hulowekwa kwanza, na maji yale humwagwa. Mchicha hutiwa mwisho, baada ya kitunguu, nyanya na tui jepesi, usikae sana motoni. Ukiisha kuepuliwa hukamuliwa ndimu, na ulimi hausaki chumvi tena. Babu hunung'unika, lakini sahani yake hurudi tupu. Dawa za daktari haachi kunywa.

Mchicha wenyewe twaulima. Sisi wa miaka 5 hadi 17 yatupasa kutumia miili yetu dakika 60 kila siku. Wazee, kwa kadiri ya afya zao, dakika 150 kwa juma. Basi jioni hupalilia pamoja, bibi tuta lake na mimi langu, na mara nyingi mimi ndiye niombaye tupumzike.