Karafuu Yetu Iko Chini ya Serikali Ipi?



Wenzetu wenye mashamba Pemba na makazi yao Temeke na Kinondoni hutuuliza mara kwa mara: mbona mkulima wa Morogoro halazimiki kuiuzia ZSTC karafuu yake, nasi twalazimika, na hali nchi ni moja? Tena, je, tumshitakie mbunge wa Temeke?

Jawabu limo katika Katiba ya 1977. Mwishoni mwake mna orodha ya Mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11; sasa ni 22. Mna ulinzi, uraia, polisi, sarafu na mengineyo. Isomeni orodha yote: kilimo hakimo, wala karafuu haimo. Na lisilokuwamo, kwa upande wa Zanzibar, ni la Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi. Baraza hilo ndilo lililopitisha sheria ya karafuu ya 2014. Bara haina serikali yake peke yake, basi karafuu ya Morogoro husimamiwa na Serikali ya Muungano. Ila biashara ya nchi za nje imo katika orodha. Karafuu ikiwa mtini ni jambo la Zanzibar. Ikipakiwa melini kwenda ng'ambo, imeshagusa Muungano. Wengi wetu husahau upande huu.

Wako wanaodhani Manispaa ya Temeke ni kama Zanzibar ndogo, kwa kuwa ina Meya, madiwani na ushuru wake. Sivyo hata kidogo. Madaraka ya manispaa ni ya kuazimwa, na mwenye kuazima huweza kutaka chake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, za miji zikarudi 1978. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Ilala ikafanywa Jiji. Lakini kuibadili orodha ya Muungano kwataka theluthi mbili ya wabunge wa bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake.

Basi mwanachama wa Mbagala mwenye dai la bei amwandikie Mwakilishi wa jimbo lilipo shamba lake. Dai la genge lake la Mbagala ampelekee diwani. Na anayefikiri kuvusha magunia usiku kwa mashua ajue kwamba polisi wakimkamata ni wa Muungano, na sheria atakayoshitakiwa nayo ni ya Zanzibar.