CHAPA ZA VIPODOZI KATIKA FILAMU: JINA LA BIASHARA KAMA ISHARA

1.0 Utangulizi

Mtazamaji mzoefu wa filamu hujivunia jicho lake. Kopo likipita kwenye skrini kwa sekunde chache tu, tayari ameitaja chapa yake kabla mhusika hajalifungua. Utambuzi wa namna hiyo una faida, ila wahakiki wengi wamezoea kuishia hapo: chapa ikishatajwa, huulizwa ni nani aliyelipa ili ionekane, kisha mjadala hufungwa. Hilo ni swali la mhasibu. Mwanaisimu anapaswa kuuliza kwanza jina lililobandikwa kwenye kopo linafanya kazi gani ndani ya lugha ya filamu. Makala hii inalichunguza suala hilo kwa kutumia filamu nne za Marekani zilizotolewa kati ya mwaka 1988 na 2000. Inadaiwa humu kwamba jina lililobuniwa kwa ajili ya filamu mara nyingi hubeba maana nzito kuliko jina halisi la dukani, na kwamba mfasiri wa Kiswahili asiyeitambua tofauti hiyo huweza kukipoteza kiini cha tukio zima.

2.0 Jina Halisi

Katika Jurassic Park (1993), iliyoongozwa na Steven Spielberg, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Nedry anakabidhiwa kopo la krimu ya kunyolea ndevu la Barbasol ili atoroshe viinitete vya dinosaria. Sehemu ya chini ya kopo imeundwa kuhifadhi ubaridi. Juu, likibonyezwa, krimu hutoka kweli. Barbasol ni chapa iliyoanza mwaka 1919, na mistari yake ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu inafanana na ile ya nguzo za vinyozi. Jina hili linafaa kwa sababu halimshtui mtu. Lingekuwa geni, ofisa wa forodha angelitazama mara ya pili. Mchango wake wa kisemantiki ni ukawaida tu, na ndiyo maana mfasiri anayesema “kopo la krimu ya kunyolea” hapotezi chochote cha maana.

3.0 Jina la Kubuni

Hali ni tofauti katika O Brother, Where Art Thou? (2000) ya ndugu Coen, ambayo matukio yake yamewekwa Mississippi mwaka 1937. Mfungwa mtoro Everett anataka mafuta ya nywele ya Dapper Dan. Muuza duka ana Fop peke yake, na Dapper Dan itafika baada ya wiki mbili. Everett anakasirika kana kwamba ametukanwa. Majina yote mawili yametungwa kutokana na uwanja mmoja wa maana. La kwanza humtaja mtanashati, la pili humtaja mtu anayejipamba hadi akachekwa. Tofauti iko katika maana ya ziada, si katika kirejelewa, kwani filamu haionyeshi kwamba mafuta yenyewe yanatofautiana. Mtoro huyu anagombania hadhi ya kileksika! Baadaye harufu ya mafuta hayo hayo inawaongoza mbwa wa msako hadi alipojificha. Mfasiri akiandika “mafuta ya nywele” mara zote mbili, ugomvi wa dukani hauna sababu tena.

Mfano ulio na mengi zaidi ni Coming to America (1988) ya John Landis. Darryl Jenks, mchumba asiyefaa, ni mrithi wa utajiri uliotokana na Soul Glo, dawa ya kufanya nywele zijisokote na kung'aa, ambayo tangazo lake huonekana kwenye televisheni ndani ya filamu yenyewe. Neno “soul” humaanisha roho, lakini tangu miaka ya 1960 limekuwa pia nembo ya utamaduni wa Wamarekani weusi, katika muziki na hata katika chakula. “Glo” ni neno la kung'aa lililokatwa tahajia kwa mtindo wa wafanyabiashara. Jina linaahidi roho ing'aayo. Kinachong'aa ni nywele, na baada ya nywele, kochi: familia ya Jenks inapoinuka, madoa ya mafuta yanabaki pale walipoegemeza vichwa. Hapo picha inalijibu jina. Kinachokejeliwa ni biashara iliyokifanya kiburi cha watu weusi kuwa bidhaa ya kuuza.

Kejeli hiyo ina historia. Mtindo uliokuwa ukitambaa katika miji ya Marekani uliitwa kwa jina la Jheri Redding, na kampuni ya Pro-Line iliueneza mno, kuanzia mwaka 1980 hivi, kwa kuuza kasha liitwalo Curly Kit ambalo mtu aliweza kulitumia nyumbani. Kasha hilo lilifika pia Afrika Mashariki, na Kiswahili kikalipokea kwa utohozi: kalikiti. Maneno mawili yameunganishwa, silabi zote zimekuwa wazi, na nomino ya pekee imegeuka ya kawaida yenye upatanisho wa ngeli ya I-ZI (“kalikiti yake imekauka”). Njia hiyo ndiyo iliyopitiwa na kiwi ya viatu na kolgeti.

Kwa hiyo mfasiri ana neno tayari. Akisema “familia ya kalikiti”, waliokuwa vijana wa mijini katika miaka ya 1980 watazikumbuka foronya zao wenyewe. Hata hivyo, kalikiti haikuwahi kubeba ile ahadi ya roho. Pendekezo linalofaa ni kuliacha Soul Glo katika tangazo, ambako jina linajiuza, na kutumia kalikiti vinywani mwa wahusika wanaosimanga.

4.0 Dawa Isiyo na Jina

Malcolm X (1992) ya Spike Lee ina kipodozi kisicho na chapa yoyote. Kijana Malcolm ananyooshwa nywele katika kinyozi huko Boston kwa mchanganyiko wenye kostiki, kemikali kali itumikayo pia kutengenezea sabuni. Anapiga kelele kwa kuungua, kisha anajitazama kwenye kioo kwa furaha. Siku nyingine bomba halitoi maji. Anakitumbukiza kichwa katika bakuli la choo, na polisi wanamkuta hapo.

Mchanganyiko huu mzungumzaji wa Kiswahili atauita “dawa”, kama anavyosema “ametia nywele dawa”. Ni kweli neno hilo ni pana: kuna dawa ya meno na dawa ya mbu, na hakuna anayedhani mbu wanatibiwa. Lakini katika tukio hili maana yake ya msingi, ya kuponya ugonjwa, inaamka tena, na mtazamaji analazimika kujiuliza nywele za kijana huyo zilikuwa zinaumwa nini.