Chaki na Mkaa Visikutane

Mama mmoja wa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, alileta picha ya pasipoti ya marehemu baba yake ikuzwe kwa mkaa. Mchoraji akamaliza, akaikabidhi. Mama akaitazama mara mbili. "Mwanangu, mbona babu yenu amepakwa majivu?"

Chanzo kilikuwa karatasi. Muuza vifaa mmoja mjini Kahama alikuwa ameapa kuwa manila nyeupe inayong'aa "ndiyo ya wasanii wenyewe, bosi." Wauzaji wa aina hii, kwa maoni yangu, huuza mng'ao. Mkaa huteleza juu yake. Na kwa kuwa chaki haionekani penye weupe, mchoraji hulazimika kupaka mkaa uso mzima, kisha chaki juu yake. Vikichanganyika hutoa kijivu chenye ubuluu, rangi isiyo ya ngozi ya mtu yeyote Usukumani.

Hatua za kuchora sura ni tatu. Ya kwanza, kugawa picha kwa miraba na kupima macho na pua, inajulikana, tuipite.

Ya pili ni kununua kaki, ile wanafunzi wanayojalidia madaftari, na kuchorea upande usiong'aa. Kahawia yake ndiyo ngozi. Mkaa uende palipo na kivuli tu: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya kidevu. Chaki ingoje mwisho, iguse pachache: paji la uso, ncha ya pua, mdomo wa chini, nukta moja katika kila jicho. Baina ya mkaa na chaki ibaki kaki tupu. Mfaransa Pierre-Paul Prud'hon (1758–1823) naye aliiachia karatasi ya buluu kazi ya rangi ya kati, ila yeye alikuwa akichora Wazungu. Picha ya pili ya baba wa yule mama, iliyochorwa kwenye kaki, ilichukuliwa bila hata kuulizwa bei.

Chaki ya darasani inafaa. Mkaa wa gunia ni mgumu, unakwaruza. Heri vijiti laini vilivyomenywa, vikafungiwa kwenye kopo la maziwa lenye tundu la msumari, juu ya jiko. Moshi ukikoma, kopo liepuliwe, lakini lisifunguliwe kabla ya kupoa, la sivyo vijiti vitaishia majivu.

Ya tatu ni kuzuia vumbi. Dawa ya nywele ya kupuliza, kutoka saluni yoyote, inatosha: kwa mbali, kidogo kidogo. Ipulizwe kabla ya kutia chaki, kwa sababu ikiilowanisha, weupe wake hufifia.