Askari Baada ya Vita: Khabari ya Kleist Sykes na Wajibu wa Nafaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa kuwataja wafu kwa mema yao ni katika adabu za dini, na faida yake huwarejea walio hai. Lakini wengi wakimtaja askari aliyekufa hutaja bunduki yake na vita vyake, wasiulize: aliporudi, watu wa nyumbani kwake walikula nini? Swali hilo ndilo mizani ya somo hili, na mfano wake ni Kleist Abdallah Sykes wa Dar es Salaam.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Babake, Sykes Mbuwane, alikuwa katika askari walioletwa na Mjarumani Wissmann kutoka Msumbiji. Babake alikufa mtoto angali mdogo, naye akalelewa na Affande Plantan, mkubwa wa askari hao. Akatiwa skuli ya Wajarumani, kisha jeshini. Vita vya 1914 vilipoingia alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck. Ugomvi ule ulikuwa wa wafalme wa Ulaya, na mzigo wake ukawaangukia wenyeji: wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Kleist hakukaa barazani kusimulia mapigano. Dola ya Mjarumani ilikuwa imeondoka, ya Mwingereza imeingia. Naye akaanza upya, akawa karani wa reli. Akaoa, akapata wana watatu, Abdulwahid, Ally na Abbas, akawalea kwa jasho lake. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, akawa katibu wake. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyojenga skuli ya watoto wa Kiislamu. Yatima aliyelelewa na watu akawafaa watoto wa watu.

Wala kulisha nyumba si hisani ya mume, ni faradhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, nafaka ya mke kila siku ni mudi mbili kwa mwenye wasaa, mudi moja na nusu kwa mtu wa kati, na mudi moja kwa mwenye dhiki, katika chakula cha mji. Asipoitoa, haianguki kwa kupita siku; huwa deni juu yake. Ama watoto wadogo wasio na mali, nafaka yao ni kadiri ya kuwatosha, na baba mwenye nguvu humlazimu kuchuma kwa ajili yao. Basi mtu mwenye nishani kifuani na deni la nafaka shingoni, nishani haitamlipia.

Kleist alifariki mwaka 1949. Abdulwahid na Ally nao walikuwa wamekwenda vitani Burma katika vita vya pili, na TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954 wote wawili walikuwamo. Mwaka 1973 mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alieleza maisha ya babu yake katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Dola mbili alizozitumikia zimeondoka. Waliomtaja ni watoto wa nyumba yake.

Katika khabari hii mna faida tatu:

Ya kwanza: ushujaa wa vitani hupita, na kazi ya halali ya kila siku ndiyo iwalishayo wanao.

Ya pili: mwenye kumlea yatima hajui atakuwa nani kesho. Affande Plantan ana sehemu katika kila jema lililotajwa hapa.

Ya tatu: khabari za wazee ziandikwe wangali hai wazijuao. Mzee akifa bila kuulizwa, hufa na ilimu yake.

Masuala kwa wanafunzi: Nafaka ya mtu wa kati ni kiasi gani? Iliyopita bila kutolewa, hukumu yake ni nini? Na nyumbani kwako, nani mzee ambaye bado hujamuuliza?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awasaidie walio hai kutimiza wajibu wao. Amin.