SOMO: DINI YA KARATASI NA NEEMA YA MUNGU

Maandiko ya kusoma: Luka 18:9-14, Wagalatia 2:11-21, Wakolosai 2:13-14



Sisi wakimbizi tunazijua karatasi. Ukipoteza kadi ya chakula, unaweza kusimama na njaa yako mbele ya mtu anayekujua kwa sura, naye akakuambia, "Pole, bila kadi siwezi." Ndiyo maana karatasi zetu tunazifunga kwenye nailoni na kuzificha chini ya godoro. Mvua ikivunja paa usiku, tunamwokoa kwanza mtoto, kisha karatasi.

Na sisi tuliotoka Kenya kwa njia ya Malaba, tuliziona karatasi za namna nyingine. Malori yamepanga foleni, turubai zimefungwa na kutiwa lakiri. Dereva ana fungu la karatasi mkononi, na karatasi zinasema amebeba mchele. Lakini afisa wa forodha akiingiwa na shaka, haendelei kusoma karatasi. Anasema, "Fungua turubai." Hapo mwenye magendo hutokwa na jasho. Mwenye mzigo wa kweli hufungua tu, kisha huenda zake kutafuta chai.

Mpendwa msomaji, iko dini ya karatasi. Cheti cha ubatizo, sare ya kwaya, kiti cha mbele kanisani, jina zuri mtaani, hata cheti cha chuo cha Biblia, nami ninacho. Vitu hivi si vibaya. Lakini Mungu huangalia mzigo, na katika somo hili tutaona neema yake inamfanyia nini mtu ambaye karatasi zake na mzigo wake havifanani.

1. WATU WAWILI HEKALUNI

Tukisoma Luka 18, tuna haraka ya kumcheka Farisayo. Hebu tumtendee haki. Yesu hasemi kwamba mtu huyu alidanganya. Torati iliwaamuru Israeli siku moja ya kujitesa nafsi kwa mwaka, siku ya upatanisho (Walawi 16), lakini yeye alifunga mara mbili kila juma. Alitoa zaka. Karatasi zake zilikuwa halali kabisa. Kanisa lolote hapa kambini lingemfanya mzee wa kanisa.

Shida yake ilikuwa wapi? Alimsomea Mungu karatasi, wala hakumfungulia mzigo. Na ndani ya sala yake alimtaja mwenzake kwa dharau. Ili yeye aonekane mrefu, ilibidi yuko mtu wa kusimama karibu naye awe mfupi.

Yule wa pili alikuwa mtoza ushuru, mtu wa kazi inayofanana na hiyo ya mpakani. Alizoea kufungua mizigo ya wengine. Siku ile akafungua wa kwake mwenyewe. Hakueleza kwamba mshahara ni mdogo, wala kwamba wakubwa wake wanakula zaidi. Aliomba rehema tu, akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Tuelewe vizuri hapa. Neema si kwamba Mungu alipitisha lori bila kulikagua. Ameuona mzigo wote, hata ule uliofichwa chini kabisa. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba ilikuwako hati ya deni iliyotushitaki, na Mungu akaiondoa kwa kuipigilia msalabani. Deni lilikuwa la kweli, na malipo yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo mtu wa neema hana sababu ya kuogopa turubai likifunguliwa.

2. PETRO ALIPOONDOKA MEZANI

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu unamhusu mtume. Katika Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na waamini wa mataifa. Wakaja watu kutoka Yerusalemu, watu wa kwao. Petro akaanza kujitenga polepole, kwa kuwaogopa hao. Wengine wakamfuata, hata Barnaba.

Angalieni: Petro hakubadilisha mahubiri yake, wala hakukana wokovu. Alibadilisha mahali pa kukaa wakati wa chakula, basi. Lakini Paulo aliona kwamba mwendo ule hauendi sawa na Injili, akamwambia mbele ya watu wote. Mara tu baada ya habari hiyo ya chakula, Paulo anaanza kueleza jinsi mtu anavyohesabiwa haki kwa imani. Sisi huwa tunayatenganisha mambo haya mawili: neema tunaifundisha Jumapili, na habari ya nani anakula na nani tunawaachia watu wa kabila. Paulo hakuyatenganisha.

3. KENYA, NA ORODHA YANGU YA MULANDA

Sasa nije nyumbani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, zaidi ya Wakenya wanane kati ya kila kumi waliandikwa kuwa Wakristo. Ni karatasi nzuri. Lakini mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hesabu hiyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, nchi hiyo hiyo iliwaka. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomwa ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Hadi mkataba ulipotiwa sahihi Februari 28, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa.

Mwezi huo wa Februari, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kuyakabili maovu. Wengine walisema kukiri huko kulichelewa. Ni kweli. Lakini kukiri kuliko chelewa ni bora kuliko karatasi safi iliyofunika magendo.

Ni rahisi kwangu kuandika habari za viongozi. Nami nina habari yangu.

Nilikuwa kijana, kiongozi wa kwaya, nyumba yetu imechomwa. Tulivuka Malaba, tukaupita mwamba wa Tororo, tukapelekwa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, katika wilaya hiyo hiyo ya Tororo. Kila jioni niliongoza nyimbo na maombi. Watu waliniita mtumishi. Kwa kuwa najua kuandika vizuri, nikapewa daftari la kuandika majina ya wanaofika katika safu yetu ya mahema. Blanketi ziligawiwa kwa kufuata daftari hilo.

Jioni moja ya mvua akafika mama mmoja na watoto watatu. Alipotaja jina lake nikaijua lafudhi yake. Ilikuwa lafudhi ya wale waliotuchomea. Sikumuuliza yaliyompata. Baadaye nilikuja kujua kwamba mumewe alikuwa wa kabila letu, na waliomfukuza ni ndugu zake mwenyewe. Mimi nilisikia lafudhi tu. Nikamwambia, "Mama, orodha ya leo imejaa. Njoo kesho."

Orodha haikuwa imejaa. Kulikuwa na mistari mitupu chini ya kalamu yangu.

Usiku ule watoto wake walilala juu ya mkeka, wamefunikwa leso moja. Nami saa hiyo hiyo niliimbisha watu nyimbo za sifa, na machozi yakanitoka, na watu wakasema Roho ameshuka. Kesho yake nikaliandika jina lake kama vile hakuna lililotokea. Kwenye daftari hakuna ambaye angeona kosa. Karatasi ilikuwa safi.

Baadaye mwaka ule wa 2008 tulihamishwa kutoka Mulanda na kuletwa hapa Kiryandongo. Yule mama naye alikuja. Kwa miaka mitatu tuliabudu chini ya paa moja, nami nikimsalimu kwa heshima, "Shikamoo Mama," kisha napita haraka. Nikapata nafasi ya kwenda chuo cha Biblia. Siku moja mwalimu akatupa zoezi: eleza kwa maneno yako kosa la Petro katika Wagalatia 2. Nilishika kalamu, na lile daftari likanijia machoni. Sikuweza kuandika.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani kwake. Nikamwambia yote, bila kutaja nyumba yetu iliyochomwa, maana nilijua nikiitaja nitakuwa nimeanza kujitetea. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, niliiona ile mistari mitupu. Mimi najua kusoma."

Nikakosa la kusema. Akaendelea, "Sikukusamehe siku moja. Kila Jumapili ulipoinuka kuimbisha, nilianza upya kukusamehe."

Ndugu zangu, miaka yote hiyo nilidhani ninalinda siri. Kumbe mzigo wangu ulikuwa wazi, na mtu alikuwa akinibeba nao. Akaniita tule. Mtoto wake wa kwanza, mmoja wa wale waliolala bila blanketi, ndiye aliyenimiminia maji ya kunawa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu neema. Nilielewa siku ile, mikono ikiwa chini ya maji yale.

4. NDUGU WA UAMSHO WANATUFUNDISHA NINI?

Jambo hili la kufungua mzigo si geni katika nchi zetu. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa tayari watu wa kanisa, lakini walijiona wakavu. Walisoma Neno na kuomba pamoja. Uamsho ulioanza miaka ile ulienea Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Ndugu hawa walizungumza juu ya kutembea nuruni, kama ilivyo katika 1 Yohana 1:7. Waliungama makosa yao wazi, walirudisha vitu walivyoiba, na Mwafrika na Mzungu waliombana msamaha. Kule Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wapo ndugu waliokataa kula kiapo na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali. Wengine waliuawa kwa ajili ya hilo.

Lakini tusiufanye Uamsho nao uwe karatasi. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi hiyo hiyo, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo ndani. Moto wa baba hauwezi kumpikia mtoto asiyewasha wake. Tena iko habari ya pili ya nchi hiyo. Machi 1997 wauaji waliingia katika shule ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Mahali Petro alipoinuka, watoto hao walibaki wamekaa.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuanze na mtu mmoja. Usitubu kwa ajili ya kabila zima huku umemwacha jirani uliyemkosea kisimani. Nenda kwake, taja kosa kwa jina lake.

Pili, tusidai msamaha. Yule mama hakuwa na deni kwangu. Ukiungama, umeweka mzigo wako wazi. Usimtwike mwenzako mzigo mwingine wa kukusamehe leo leo ili wewe ulale vizuri.

Tatu, tusiwalazimishe wengine kuungama mbele za watu. Kuungama kwa kulazimishwa ni karatasi nyingine tu. Na aliyechomewa nyumba au kuuawa mtoto asiambiwe kwamba neema maana yake ni kusahau. Mungu hakusahau deni, alililipa.

Nne, sisi wachungaji na wazee tutangulie. Kundi haliwezi kufungua mizigo yao kama yetu imetiwa lakiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA

1. Farisayo alisema kweli kuhusu matendo yake. Kwa nini hakuhesabiwa haki?
2. Hapa kambini, ni wapi tunajitenga kama Petro: kisimani, kwenye mgao, kwenye ndoa za watoto wetu, au katika lugha ya ibada?
3. Je, kuna jina uliloliruka? Swali hili usilijibu kwa sauti. Lijibu kwa miguu.

SALA

Baba, unaijua karatasi yangu na unaujua mzigo wangu. Nimechoka kuzisoma karatasi mbele zako. Nifungue. Asante kwa kuwa hati iliyonishitaki umeipigilia msalabani. Nipe ujasiri wa kwenda kwa ndugu niliyemkosea, na unyenyekevu wa kungoja jibu lake. Katika jina la Yesu, Amina.

Ni mimi ndugu na mtumishi wenu katika Bwana.