SOMO LETU: MTAALAMU WA UCHUMI WA KILIMO HUFANYA KAZI GANI?

Huku Nduruma tumezoea kumwona bwana shamba. Yeye hutufundisha kupanda na kutia mbolea. Lakini mara nyingine huja mgeni mwenye daftari. Hashiki jembe. Anauliza tu: "Ulipalilia siku ngapi? Uliuza kwa bei gani?" Wengine humdhania mtu wa kodi, wakamficha. Kumbe siye. Huyo ni mtaalamu wa uchumi wa kilimo. Anatafuta kujua kama jasho la mkulima linalipa.

Anasomea wapi?

Wengi wamesomea Morogoro. Chuo cha kilimo kilianza huko mwaka 1965. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa jina la jirani yetu wa Monduli, Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki mwaka huo. Anayetaka kuwa mwalimu wa chuo husoma shahada ya kwanza, ya pili, na mara nyingi ya tatu. Kisha kazi zake ni mbili: kufundisha darasani na kufanya utafiti vijijini.

Utafiti unasaidia nini?

Katika miaka ya 1960 wakulima wa Usukumani waliambiwa wapande pamba mapema. Wengi walichelewa. Wakaitwa wavivu. Mtaalamu mmoja, Michael Collinson wa kituo cha Ukiriguru, Mwanza, alihesabu siku zao za kazi. Akaona mvua zikianza wanapanda chakula kwanza. Mikono haitoshi kwa yote mawili. Basi haikuwa uvivu, ilikuwa busara: watoto wale kwanza. Bila hesabu, lawama ingebaki kwa mkulima.

Tufanye hesabu wenyewe

Tuseme umelima ekari 1 ya mahindi. Bei hizi ni za mfano tu.

Trekta: sh. 60,000
Mbegu: sh. 40,000
Mbolea: sh. 70,000
Vibarua: sh. 50,000
Magunia na gari: sh. 30,000
Jumla: sh. 250,000

Umeuza magunia 8 kwa sh. 60,000 kila moja. Umepata sh. 480,000. Toa 250,000, zinabaki 230,000. Unafurahi, siyo?

Ngoja kidogo. Wewe, mama na watoto mmefanya kazi siku 40, pamoja na kukesha kwenye mfereji zamu ya maji ilipofika. Kila siku ikiwa sh. 5,000, hiyo ni sh. 200,000. Faida iliyobaki ni sh. 30,000 tu!

Basi tuwe na daftari. Tuandike kila shilingi na kila siku ya kazi. Mtafiti akija, tumwambie kweli, na sisi tumwombe arudi kutueleza alichokiona.

Maswali
1. Kwa nini wakulima wa Usukumani walichelewa kupanda pamba?
2. Gunia likiuzwa sh. 50,000, mkulima wetu atapata faida au hasara?
3. Shamba lako la mwaka jana lilikupa nini? Andika hesabu yake.